Maji Saba ya Chungu cha Risasi

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango naurudia mara tatu, na watu wa nyumbani wananicheka. Wacha wacheke. Hawakuwapo siku ile ya chungu.

Nilikuwa bi arusi wa miezi miwili, Bagamoyo, miaka ile misafara ya bara ilipokuwa ikishuka pwani na kila mwenye shamba akitaka gobori. Mume wangu alikuwa fundi wa risasi. Aliiyeyusha na kuisubu kwenye kalibu, katika banda lililokuwa uani kwa mama yake. Chungu chake kilikuwa cha chuma, kikuukuu, cha miguu mitatu, ambacho zamani mama mkwe alikipikia. Kila alipomaliza kazi aliacha risasi iliyobaki igande chini, bamba zima, ili kesho yake aanzie hapo.

Sharti lake lilikuwa moja: maji yasikaribie. Fundi aliyemfunza alikuwa chongo. Maji kidogo yalinaswa ndani ya risasi ya moto, ikamrukia usoni. Nililisikia hilo juma la kwanza la ndoa, na tangu hapo mivukuto yake ilipovuma kuchochea moto mimi nilikuwa nikiomba dua.

Siku moja alikwenda Zinga kufuata mkaa. Nikakisahau chungu nje, mvua ikanyesha, mbwa wa njiani akaingia uani akanywa maji mle ndani. Mama mkwe akamwona. Wallahi, ungedhani kanywa kisima cha msikiti.

"Mama, hiki si cha kupikia tena," nikasema.

"Ni chombo changu, na hakikai nyumbani kwangu na najisi. Kioshe, mwanangu. Mara saba, na moja kwa udongo."

Nikaosha. Nilisugua kwa udongo mpaka vidole vikauma, nikasuuza, nikakifudikiza juani. Jioni nilikipapasa ndani, kilikuwa kikavu, nikakifudikiza tena chini ya upenu. Mume aliporudi sikumwambia kitu. Ni mimi niliyekisahau nje, na nilikuwa bado nataka anione hodari.

Asubuhi yake alikuja mgeni, mwindaji wa makamo kutoka Kiwangwa. Nguruwe walikuwa wanamaliza mihogo yake. Mume akachukua chungu, wakaenda bandani, nami nikashika ufagio. Pale chungu kilipokuwa kimefudikizwa niliona tope bichi. Nililigusa, likanilowesha vidole. Ndipo nikaelewa: maji yalipenya chini ya lile bamba la risasi, na mengine bado yamo.

Mivukuto ilikwisha kuanza.

Kwenda bandani sikuweza, maana bi arusi hatoki mbele ya mwanamume mgeni. Kumwita mume kwa jina ndiyo kabisa. Mke wa kwetu hakumtaja mumewe. Alipiga makofi, naye akajua anaitwa. Mama mkwe alikuwa juu ya msala, anasali Dhuha yake, ile ndefu.

Nikapiga makofi nyuma ya mlango wa uani. Kwenye upenyo nilimwona ameweka mche mpya wa risasi juu ya lile bamba, uso kauinamisha juu ya chungu. Akaninyooshea mkono, ngoja. Nikapiga tena, kwa nguvu.

"Bi arusi huyu, uji wake hauna subira," akamwambia mgeni, wakacheka.

Nilimchukia mama mkwe, nikamchukia mbwa, nikajichukia mimi kuliko wote. Chungu kikaanza kulia, mlio mwembamba, nao wakaendelea na mazungumzo yao.

Nikaita jina lake. Niliita kwa sauti yangu yote, mtaa mzima ukasikia.

Aliruka kutoka kwenye kigoda, akaja mlangoni kwa hasira. Mgeni, alipoona mivukuto imeachwa, alisogea akainama achungulie kama risasi imeyeyuka. Chungu kikalipuka.

Mume wangu aliungua mgongoni, kanzu ikatoboka matundu matundu. Mgeni alipoteza jicho la kushoto.

Majirani walikuja kunipongeza, bi arusi kamwokoa mumewe. Mama mkwe alinikumbatia akalia, na habari ya kuosha hakuigusa. Siku ya tatu nilimwambia mume wangu yote. Akasema nisimwambie mtu. Kilichokuwa kikiniumiza ni kwamba pumzi ile ile ingetosha kusema "Ondokeni!" Mimi niliitumia kwa mtu mmoja.

Baada ya mwezi mgeni alirudi, kitambaa usoni, kuchukua risasi zake. Akaomba aseme nami. Nikakaa nyuma ya mlango.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nina swali moja tu. Wewe ulijuaje?"

Mume wangu alikuwa kasimama kando yake. Nilimsikia akikohoa.

"Moyo ulinituma, baba," nikasema.

Akamshukuru Mungu aliyenipa moyo wa namna hiyo. Kisha akaniombea dua, nipate watoto wema na umri mrefu, nami nikaitikia amina kila aliponyamaza. Watoto nimewapata, na umri huu wote nimepewa.