Basi la Boza

Gari lilikata kona ya mwisho, na lango la mji wa kale likatokeza juu yao, jembamba, la mawe meusi, kama mdomo wa mtu aliyenuna. Kulia palikuwa na ukuta wa mlima. Kushoto hapakuwa na kitu. Macho yalikwenda chini mpaka yakachoka.

Mkalimani aliketi mbele, na badala ya kutazama lango alimtazama dereva, mume wa dada yake. Shemeji huyu alikuwa mtu wa kuimba akiendesha. Tangu mlima uanze, alikuwa kimya kama maji ya mtungini.

Kwao walimwita Boza, kwa sababu maisha yake yote ya kazi aliendesha boza la idara ya maji, akipeleka maji mitaa ileile ambayo mabomba yake yalikuwa makavu. Mashimo ya barabara zile aliyajua kama mtu anavyowajua watoto wa jirani, lipi kaidi na lipi la kusamehe. Hakuwahi kugusa hata ua la mtu. Basi wenzake waliostaafu naye walipoamua kukodi nyumba ya magurudumu huko ugenini, yenye vitanda, jiko na choo, wakaone ngome na magofu waliyozoea kuyatazama kwenye televisheni ya kantini, hakuna aliyeuliza nani ataendesha. Boza mwenyewe hakusema ndiyo wala hapana. Mkewe ndiye aliyemwita mdogo wake, mjuzi wa lugha za watu, akamwomba afuatane nao. "Mrudishe mzima," alimwambia, na hakuwa anatania.

Nyuma walikaa watatu: Mhasibu, Bibi Stoo na Fundi Mita. Fundi Mita alikuwa amejitwika kazi ya kuchungulia dirishani na kutangaza mabasi ya watalii, maana yalishuka kwa kasi kama yametumwa na adui. Kila alipoliona moja alipaza sauti, "Basi!" na Boza alibana gari ukutani mpaka kioo cha pembeni kikakwaruza mawe. Bibi Stoo alisema mume wake wa kwanza alikuwa na adabu kuliko madereva wale, na mume yule alikuwa mshenzi. Wote walicheka, isipokuwa Boza.

Langoni mlinzi aliwazuia. Mkalimani akatafsiri: maegesho yamejaa, ndani huingia waendao kwa miguu tu, rudini kinyumenyume hadi penye upana pale konani, mgeuze.

Boza alilamba midomo. "Shuka uniongoze, shemeji," alisema. "Ukiona nakaribia, sema."

Mkalimani akashuka, akasimama nyuma ya gari. Upepo ulimpiga kifuani. Alipunga mkono na kuita kama aitwavyo kila dereva wa kwao anayerudi nyuma: njoo, njoo, njoo. Gari lilikuja taratibu. Kisha akaona gurudumu la nyuma limefika penye majani, na baada ya majani ni hewa.

"Basi!" alipiga kelele.

Gari halikusimama. Lilinguruma, likaruka nyuma kwa haraka, kama mtu anayempisha mwingine njia. Ndipo alipoelewa alichosema, na alichosikia shemeji yake, ambaye kwake asubuhi yote neno lile lilimaanisha kitu kimoja tu: linakuja, pisha.

Gurudumu lilishuka. Tumbo la gari likalala juu ya ukingo kwa kishindo, na kokoto zikaanguka. Alingoja kuzisikia zikifika chini. Hakuzisikia.

Alikwenda mpaka dirishani kwa dereva, akijishika ubavuni mwa gari. Ndani watatu walikuwa wameinuka kuukimbilia mlango, nao mlango ulikuwa nyuma.

"Kaeni," Boza alisema. Hakupaza sauti. "Tangi lililojaa halina neno. Tangi nusu ndilo linaloua, kwa sababu maji yanatembea. Msiwe maji."

Wakaganda. Boza akamwuliza shemeji yake gurudumu liko wapi. Mkalimani akamjibu liko hewani. Boza akatikisa kichwa kama aliyeambiwa bei ya vitunguu. Gari lile lilivutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo akawaita mmoja mmoja wasogee mbele, wakitambaa, Bibi Stoo kwanza.

"Leo unene wangu umepata kazi," Bibi Stoo alinong'ona.

Walipokwisha kusongamana nyuma ya kiti chake, Boza akakanyaga mafuta. Magurudumu yalisaga mawe, harufu ya mpira ikatanda. Gari lilitikisika, likateleza kidogo kule kusikotakiwa, Mhasibu akaanza kusali. Kisha likajivuta, likapanda, likasimama barabarani.

Mkalimani alifungua mlango wa dereva. Boza alikuwa bado ameshika usukani. Ikabidi ambandue vidole, kimoja baada ya kingine, vya baridi kama vya mtu aliyetolewa mtoni.

"Nimeogopa tangu uwanja wa ndege," Boza alisema. "Kila barabara hapa ni ngeni. Nilishindwa kusema."

Mficha uchi hazai, Mkalimani alitaka kumwambia, lakini hakuweza, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa analia.

Ngome hakuna aliyeitaka tena. Boza aliwashusha mpaka mji wa bondeni, polepole mno, foleni ya magari ikimpigia honi nyuma, na huko akakabidhi ufunguo. Wakodishaji wangeleta dereva mwingine. Fundi Mita alianza kumsihi, Bibi Stoo akamkatiza: kwa mwoga huenda kicheko, mwacheni aende nacho nyumbani.

Mkalimani angebaki na wazee. Bila ulimi wake wasingepata hata chai. Alimsindikiza Boza kwenye kituo cha mabasi ya uwanja wa ndege.

"Shemeji, mimi basi," Boza alisema.

"Basi lipi? La kuacha au la kupanda?"

"Yote mawili." Boza akacheka kidogo, mikono ikiwa mifukoni, na hakuitoa hata kwa kuagana, alimwinamia tu, akapanda.

Basi lilianza kurudi nyuma litoke kwenye nafasi yake. Mtu wa kituo alisimama nyuma yake akiita kwa lugha ya kwao. Kupitia kioo, Mkalimani alimwona Boza ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, amegeuza shingo, anasikiliza neno asilolijua. Mkalimani naye akabana pumzi, hakuiachia mpaka basi liliponyooka na kushika barabara.