Yule wa Nne

Hadi leo nausikia mlio wa fimbo ya babu jirani kwenye ngazi zetu za chuma: ko, ko, halafu kimya, anapumzika. Juzi nilipita mtaa wetu wa zamani, Vickery Meadow, nikakuta ngazi zimepakwa rangi mpya, na mlangoni kwake kuna viatu vya watoto nisiowajua.

Alikuwa mzungu wa Wales, askari mstaafu aliyemfuata mke wake Dallas, Marekani, na mke akatangulia mbele ya haki. Sisi tulitoka kambi ya wakimbizi, Kigoma. Mama akikaanga mandazi, la kwanza la babu, na kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Naye akaishika desturi hiyo kabisa, akawa anaturudishia keki ndogondogo za zabibu kavu alizochoma kwenye kikaango. Mama alisema, "Ndugu yetu huyu, amekosa rangi tu."

Nikamfundisha shikamoo. Akawa ananiamkia yeye kwanza, nami naitikia marahaba kwa raha zangu, mpaka mama aliponisikia. Siku hiyo nilikiona.

Ukutani alitundika nishani ya ushujaa. Binti yake wa Houston alitusimulia kwamba vitani babu aliwabeba wenzake watatu, mmoja mmoja, risasi zikipita. Nilipofika miaka kumi nikamwuliza mwenyewe, "Babu, uliogopa?" Mama akanifinya. Kwetu vita havikuulizwa.

Babu akajibu polepole, "Walikuwa wanne. Wa nne aliniita. Niliporudi, ameshanyamaza. Nishani haimtaji." Akanitajia jina la huyo wa nne, nikalirudia mpaka likanikaa ulimini. "Nikifa, nani atalijua?"

"Mimi," nikasema, upesi, kama nilivyokuwa naahidi kuosha vyombo.

Baadaye binti yake alimchukua akakae naye Houston, na mwaka jana akatupigia simu ya msiba. Tukaendesha gari kwa muda wa saa nne, mama na mandazi yake mapajani. Kila aliyesimama kanisani aliwasifia wale watatu. Nikangoja mtu amtaje wa nne. Hakuna. Nami, rafiki yangu, niliona haya kusimama mbele ya watu wote wale.

Walipotoka kwenda kula, nikamwambia mama atangulie. Mlangoni palikuwa na kitabu cha wageni. Nikaandika jina langu, na mstari wa chini yake nikaliandika la yule wa nne, kwa herufi kubwa.