Viganja vya Nyapara Joash

Kila asubuhi, langoni mwa mjengo wa ghorofa hapa mtaani Section 58 ninapouza chai na mandazi, watu hupanga foleni na kunyoosha mikono mbele kama watoto wanaokaguliwa kucha. Anayewakagua ni nyapara, Joash Ogola. Haulizi cheti wala ulifanya kazi wapi. Anabonyeza kiganja kwa kidole gumba, anaguna, basi. Kiganja kigumu kinaingia, kiganja laini kinarudi nyumbani. Anaamini hajawahi kukosea, na mtu akiamini hivyo kwa miaka kumi na saba huwa hashauriki. Nampenda Joash, lakini ananichosha.

Jumatatu alikuja Jepkoech, fundi wa plasta kutoka Free Area, na mwiko wake umefungwa kwa gazeti.

"Sister, hii ni mikono ya salon," Joash akamwambia.

"Mimi hufanya na glavu, mzee. Simiti inakula ngozi."

"Fundi wa glavu sijawahi ona. Next."

Aliyefuata alikuwa Kipchirchir, jamaa mwenye viganja vikavu vilivyopasukapasuka. Joash nusura ambusu. Alimpa ukuta wa ngazi, ule ule ambao mhandisi Cherono alikuwa ameshaukataa mara moja. Mhandisi alisema wazi: ukuta ukikataliwa tena kwenye ukaguzi wa Jumamosi, nyapara aende nyumbani.

Kufikia Jumatano ukuta ulikuwa na mawimbi. Kipchirchir alipokuja kunywa chai nilimuuliza alisomea plasta wapi.

"Plasta? Mimi ni mtu wa viazi, mathe. Huko Molo tunalima. Aliona mikono akasema ingia, nikaingia."

Nilicheka mpaka nikamwaga maziwa, kisha nikaenda kumwambia Joash. Nilipoona uso wake, kicheko kiliisha. Ana watoto watatu kule Rhonda na hana cheti hata kimoja, na akitoka kwenye lango hili sijui lango gani litamchukua. Alikaa juu ya ndoo, akaniomba nimpigie Jepkoech, kwa sababu yeye aliona haya. Namba nilikuwa nayo. Mimi huchukua namba ya kila mtu anayefukuzwa hapa, maana huwa anarudi kunywa chai.

Alhamisi Jepkoech alisimama mbele ya foleni nzima.

"Sasa mzee, na wewe leta mikono."

Joash akanyoosha. Jepkoech akabonyeza, akaguna vile vile anavyoguna Joash. Miaka yote hiyo ya kushika simu na karatasi ilikuwa imeviacha viganja vyake laini kuliko vyangu.

"Ufundi hapa hakuna," akasema. "Lakini nahitaji mtu wa mkono. Utanichanganyia simiti."

Foleni ilicheka, na mimi pia. Joash alikunja suruali akaingia. Kipchirchir alibomoa mawimbi yake mwenyewe kwa nyundo, Jepkoech akapaka upya, na nyapara akabeba ndoo siku mbili. Glavu alizokuwa ameletewa alizikataa asubuhi, akaziomba saa sita.

Jumamosi Cherono aliweka pima maji ukutani kuona kama umenyooka, juu, katikati na chini.

"Nani alifanya hii?"

Namjua Joash. Nilingoja aseme ni fundi wake, alimchagua mwenyewe.

"Ni huyu dada," akasema. "Nilimfukuza Jumatatu bila kumjaribu. Ukuta ulioharibika ni wa mtu niliyemchagua mimi."

"Na wewe siku hizi unafanya nini hapa?"

"Nachanganya simiti."

Cherono akamgeukia Jepkoech. "Anachanganya aje?"

"Ya kwanza ilikuwa uji. Ya jana ilikuwa sawa. Mwache tu, madam."

Cherono aliandika kwamba ukuta umepita, akashuka ngazi bila kumwambia mtu yeyote aende nyumbani. Joash aliketi pale pale kwenye ngazi, akavua glavu, akalia mbele yetu sote, na mimi nikashuka kumletea chai.