Mitungi Miwili ya Nyanchera

Nyanchera alijua jinsi ingata inavyosokotwa. Tangu utotoni aliwatazama wanawake wa kwao Birongo wakichukua majani makavu ya mgomba, wakayazungusha mpaka yakawa duara, wakayaweka utosini na mzigo juu yake. Lakini ingata yake mwenyewe hakuwahi kupewa. Umri wake ulikuwa umefika miaka thelathini, na jamaa wakisafiri, kazi yake ilikuwa ileile: kubaki nyumbani na kuku.

Hawakumwacha kwa chuki. Nyanchera alizaliwa na hali ya Down, na misuli yake ilikuwa legevu tangu mwanzo. Mlima wa kutoka mtoni ulimkalisha chini kabla hajafika katikati. Mama yake, Tryphosa, alimpenda kwa namna ya kumpokonya kila kitu mkononi, ndoo, jembe, hata sufuria ya uji. "Wewe kaa, mwanangu," alimwambia, naye akakaa. Kadiri alivyokaa ndivyo miguu ilivyozidi kusahau kazi yake. Mdogo wake Linet alipoolewa Nyakoe, wanawake walimsindikiza na mizigo kichwani. Nyanchera aliambiwa kwamba mlima wa huko ni mbaya. Akabaki.

Basi habari ilipokuja kwamba Linet ana mimba, Nyanchera alisema neno moja na hakulirudisha.

"Mtoto akizaliwa, nitaenda. Na nitabeba."

Katika jamaa yao, mwanamke aliyefika na mzigo hupokelewa mlangoni. Mwenyeji humtua mzigo kwa mikono yake mwenyewe, na salamu hufuata baadaye. Asiye na mzigo hupitishwa ndani kama mtoto. Nyanchera alitaka kutuliwa.

Bahati ilikuja kwa njia ya goti la Tryphosa. Lilipovimba, alikwenda kliniki moja mjini Kisii, na kwa kuwa siku hiyo hakuwa na wa kumwachia binti yake, akaenda naye. Huko walimkuta Lavender, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, msichana mwenye sauti kubwa na viatu vya kukimbilia. Alilishughulikia goti, kisha akamgeukia Nyanchera.

"Na wewe, dada, unafanya kazi gani?"

"Ninakaa," Nyanchera akajibu.

Lavender hakucheka. Aliagiza kwanza apimwe moyo na apigwe picha ya shingo. Majibu yalipokuja mazuri, akampangia mazoezi ya siku mbili kwa wiki: kuinuka kutoka kwenye kigoda bila kushika kitu, kuvuta kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa kwenye nguzo ya jikoni, na kutembea na mitungi miwili ya plastiki yenye maji, mmoja kila mkono, hadi kwenye mparachichi na kurudi.

"Atachoka, daktari," Tryphosa alilalamika.

"Ndiyo, mama, tunataka achoke kidogo. Misuli isiyopewa kazi haikui. Ikichoka, ikala, ikapumzika, siku nyingine itaongeza kidogo." Kisha akaweka kidole nyuma ya shingo ya Nyanchera. "Lakini hapa, kano zinazoshika mifupa ni legevu. Picha ni nzuri, hata hivyo kichwani usibebe kitu."

"Hata mkate?"

"Hata mkate, dada."

Mazoezi hayakuwa muujiza. Mwanzoni mapaja yalimuuma hadi akaitupa tyubu juu ya paa, na Tryphosa akaiacha hukohuko kwa furaha. Nyanchera akaitungua mwenyewe kwa fimbo. Alifundishwa kutoa pumzi anapoinua, asiizuie, naye aliitoa kwa mlio mkali kiasi cha kuwatawanya kuku. Mvua ndefu ilipomfungia ndani kwa wiki kadhaa, nguvu zilipungua. Ikabidi amwage maji nusu na kuanza upya. Uzani wake haukupungua, wala Lavender hakuwa ameahidi hilo. Lakini mabega yalijaa mpaka blauzi ya kanisani ikambana, na Sabato moja alishuka ngazi za kanisa bila kushika ukuta. Mitungi iliyoanza na maji ya kufunika kitako tu sasa ilijaa hadi shingoni.

Linet alijifungua mtoto wa kike. Jumapili ya safari, Tryphosa aliamka mapema, akajaza maziwa lala katika mtungi mmoja mkubwa. Alipomaliza, akamwita binti yake. Mkononi alikuwa na ingata, mpya, iliyosokotwa vizuri.

"Hii ni yako."

Nyanchera aliishika. Ilikuwa nyepesi na ilinukia shamba.

"Lavender alisema kichwani hapana."

"Alisema kuhusu mazoezi, mwanangu. Leo si mazoezi. Leo unaenda kwa watu. Nataka wakuone umefika kama mwanamke."

Shangazi Nyaboke, dada ya marehemu baba, tayari alikuwa uani na kikapu cha unga wa wimbi utosini. "Weka upesi, jua linapanda!"

Nyanchera aliigeuza ile ingata mkononi. Kisha akairudisha mkononi mwa mama yake.

"Yaya, hapana," alisema. "Shingo ni yangu."

Alikwenda jikoni, akasuuza mitungi yake miwili kwa maji moto, akagawa maziwa. Tryphosa alisimama na ile ingata asijue pa kuiweka.

Waliposhuka garini Nyakoe, mlima ulikuwa mbele yao kama walivyoueleza. Nyaboke hakunyamaza.

"Mwanamke na mitungi mkononi! Watadhani umetumwa mafuta taa dukani."

"Watadhani wanavyotaka, shangazi. Wewe chunga wimbi lako lisimwagike."

"Sikia huyu! Amepata mabega, amepata na mdomo."

Nyanchera alitoa pumzi kwa ule mlio wake. Katikati ya mlima aliweka mitungi chini, akakunja magoti, mgongo wima, akapumzika. Tryphosa akaja mbio kuuchukua mmoja.

"Mama, acha."

Tryphosa akaacha. Mkono wake ulibaki hewani, kisha akautumia kushika goti lake mwenyewe.

Nyanchera alifika wa mwisho. Mlangoni alisimama mama mkwe wa Linet, Nyakerario, ambaye alikwisha kumtua Nyaboke na wengine. Alinyoosha mikono juu, kama ilivyo desturi, akakuta kichwa kitupu. Akasita. Nyuma yake Nyaboke alifungua mdomo kueleza.

"Niko huku chini, mama," Nyanchera alimwambia Nyakerario. "Pokea."

Nyakerario aliinama, akashika mitungi yote miwili kwa pamoja, na alipoachiwa uzito wake, akayumba nusura apige goti.

"Obe! Umepanda na hii yote? Kwa mikono?"

"Kwa mikono."

"Mbuya mono, vyema sana, mwanangu. Karibu. Karibu sana." Aliweka mitungi chini kwa shida, akafuta viganja kwenye leso, ndipo akamsalimu, kwa mikono miwili.

Ndani, walimwekea Nyanchera kigoda kando ya kitanda. Alikaa polepole bila kushika kitu, akafungua mikono iliyokuwa bado na alama nyekundu za vishikio.

"Linet," alisema, "nipe mtoto."

Tryphosa alifungua kinywa. Kisha akakifunga, akakaa.