Maua ya Mfereji kwa Siku ya Ekaristi

Mvua ikikatika hapa Bukavu, uzio wetu hugeuka njano. Ni kile kichaka chenye maua kama alizeti ndogo, ambacho kinaota chenyewe. Sisi hukikata kulisha dende, wanyama wadogo wasio na mkia tunaowafuga jikoni, kando ya mafiga. Tangu wazazi wetu wafe, nami nikaacha shule ili nilee wadogo zangu, nyama yetu ya sikukuu hutoka kwa hao dende.

Mwaka huu mdogo wangu wa kike alichaguliwa kutupa maua kwenye maandamano ya Ekaristi. Maman, yaani mama wa parokia aliyewafundisha watoto hao, alisema wazi kwamba atakayekuja na kikapu kitupu atatoka kwenye mstari. Wenzake wana mawaridi kwao. Jumamosi, msichana wa jirani alimwona anachuma maua ya uzioni, akacheka.

"Unaenda kumutupia Yezu chakula ya dende?"

"Yezu hana kiburi kama weye," mdogo wangu akamjibu, na hakuacha kuchuma.

Alimaliza karibu uzio mzima. Jioni aliingia jikoni na kikapu kimejaa, akakiweka chini, mahali palepale anapoweka majani kila siku. Mkono ulifuata mazoea. Asubuhi ya Jumapili nilisikia kilio cha mdogo wangu, ambaye huniita yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake.

"Yaya, dende wamekula yote! Imebaki vijiti tu!"

Kwenye uzio kilikuwa kimebaki kishada kimoja, pembeni, ambako chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, alikuwa ameshona kiota kwa utando wa buibui na nyuzi za gunia. Kilining'inia kwenye kivuli cha maua hayo kama soksi ya mtoto mchanga. Tulikuwa tumezoea kumtazama jike akiingia na wadudu mdomoni, na vidomo vikifunguka ndani. Hata hivyo nilichukua kisu. Ndege atajenga tena, nilijiambia, lakini maandamano ni leo.

Mdogo wangu alinishika mkono. "Ukikata, jua itaunguza watoto yake. Acha, yaya."

"Na mstari je?"

Alishika kikapu akashuka kwenye mfereji wa barabara, nami nikamfuata.

Asubuhi mfereji huo una maua mengi kuliko nilivyowahi kufikiri. Yalikuwepo ya buluu, yenye petali mbili kama masikio, ambayo jua likipanda hujikunja na kuwa maji. Yalikuwepo ya rangi ya waridi, ya yale majani machachu ambayo watoto hutafuna, na vinyota vyeupe ambavyo mbegu zake hung'ang'ania nguo. Kwenye shina moja alikaa kinyonga. Sote wawili tunamwogopa, kwa hiyo tulimwachia upande wake. Tulipata nusu kikapu, tukakifunika kwa jani la mgomba lenye umande.

Kanisani maman alifunua jani, akaingiza kidole, akatazama ile buluu iliyobaki kwenye ngozi yake. "Haya, simama nyuma ya wakubwa," alisema.

Mdogo wangu alitupa kidogo kidogo, kwa ncha za vidole. Kabla ya altare ya mwisho kati ya zile zilizopangwa njiani, kikapu kiliisha. Niliona ameinama kutazama ndani, kisha akainua kichwa, akaendelea kutupa mkono mtupu kwa mwendo uleule wa wenzake. Maman alikuwa anatembea pembeni yake. Alimwona, na hakumtoa.