Mlango Unaotazama Uholanzi

Kila asubuhi, kabla ya kahawa, Bi Lidwien Kustermans hufuta kibao cha namba ya nyumba yake, kisha huvuta kitasa cha mlango wa mbele mara mbili, kana kwamba kuna mtu angeweza kuubeba.

Hapa Baarle mpaka wa Uholanzi na Ubelgiji hupita ndani ya majumba ya watu, na nyumba huhesabiwa kuwa ya nchi ile mlango wake wa mbele unakofungukia. Mlango wake unafungukia Uholanzi. Jikoni ni Ubelgiji.

Mwezi Machi, Ruud, mtoto wa mumewe kwa mke wa kwanza, alileta keki ya cheri na maneno matamu. Upepo unamuumiza baba kifua; heri mlango huu uzibwe kwa matofali, utobolewe mwingine upande wa jikoni. Gharama zote juu yake. Bi Lidwien alimkatia kipande chembamba. Alipoondoka, akaniuliza mimi, mpangaji wake ninayesomea sheria: mtu asiyewahi kumnunulia baba yake hata skafu ameanza lini kuogopa upepo.

Nilimweleza huku nikitazama kikombe changu. Nyumba ni ya mumewe, Mzee Sjef, tangu kabla ya ndoa, na hana wosia. Akifa akiwa mkazi wa Uholanzi, inakuwa ya mjane, watoto wanasubiri mpaka naye afe. Akifa akiwa mkazi wa Ubelgiji, inakuwa ya watoto, na mjane ana haki ya kuitumia tu. Ulaya imekubaliana sheria ya nchi ipi ifuatwe. Haijakubaliana sheria zenyewe zifanane.

"Nilijua tu," alisema. "Upepo gani huo unaojua mirathi?"

Fundi alipofika, alimkuta ameketi kizingitini anamenya viazi.

"Mama, sasa mimi nisubiri mpaka lini?"

"Muulize aliyekutuma. Kusubiri watu wafe ndiyo kazi yake."

Fundi alicheka, akapakia matofali yake. Mzee Sjef, aliyesikia yote akiwa kitandani, alimwita mwanawe jioni ile na kumwambia mlango haung'oki.

Tasnifu yangu inatetea sheria moja ya mirathi kwa Ulaya nzima. Ilinichukua wiki kupata ujasiri wa kumuuliza Bi Lidwien: sheria ingekuwa moja pande zote mbili, si angelala kwa amani?

"Hapana," alisema. "Nani kakwambia watachagua ya kwetu?"