Kioo Kilichopakwa Mabwerebwere

Niliondoka Morogoro kwa sababu ya ubishi. Msimamizi wangu chuoni alishikilia kwamba seli za jua za perovskaiti, zile tunazotengeneza kwa kupaka dawa ya majimaji juu ya kioo, hazipakiki nje ya maabara. "Lete moja iliyopakwa nje kwenye mkutano wetu Mikumi," akasema. "Ikizungusha feni ndogo, unaendelea. Isipozungusha, tunafunga kazi yako." Nikamjibu, haya, tutaonana!

Asubuhi treni ikanishusha Kilosa na vioo viwili, chupa ya dawa na jiko dogo la umeme.

Mabwerebwere, huko huko Kilosa, nyumbani kwa mama, nikafungua ghala la nyuma, nikavaa glavu na barakoa, maana dawa ile ina madini ya risasi. Unadondosha dawa ya njano ukingoni mwa kioo, kisha unaivuta kwa bapa la chuma, polepole, bila kusimama. Ukisimama, umeharibu.

Nilikuwa katikati. "Hodi!" Babu Mwinshehe, jirani yetu, huyo mlangoni. Mkono ukasimama wenyewe.

"Shikamoo babu!"

"Marahaba, mjukuu wangu."

Mstari mnene ukaganda katikati ya kioo. Machozi yakanilenga.

"Sasa ungemkalia kimya mzee?" mama akauliza.

"Thubutu! Ndiyo maana kioo kimekufa."

Mchana, jua lilipokausha hewa, nikawazungukia kwanza wazee wote wa jirani, nikatoa shikamoo zangu zote na kueleza shida yangu. Walicheka hao! Babu peke yake hakuwepo; nikamwachia mkewe ujumbe.

Nikarudi kuvuta kioo cha mwisho. Katikati, nikasikia kikohozi nje. Kabla sijafumbua mdomo, Babu akaita, "Marahaba, mjukuu wangu! Vuta tu!"

Mzee mzima, kuitikia salamu asiyopewa! Nikavuta mpaka mwisho. Juu ya lile jiko la umeme, ile njano ikageuka nyeusi tii, laini, haina mstari. Nikapiga vigelegele peke yangu, kisha nikamalizia kwa tabaka la kaboni la kupitishia umeme.

Kesho yake, Mikumi, nikaunga nyaya mbele ya mkutano. Feni ikasita, ikazunguka. Msimamizi akakinga jua kwa kiganja; ikasimama. Akaondoa kiganja, ikazunguka tena.

"Umeipaka wapi hii?"

"Ghalani kwa mama."

"Basi unaendelea. Na mimi utanifundisha."

Jamani, siku hiyo nilitembea Mikumi kama bibi harusi!

Njiani kurudi nikapitia Kilosa, moja kwa moja kwa Babu. Nilikuwa nimejifunza kwamba kioo kinataka mkono usiosimama, na mkono huo unategemea pia watu walio nje ya mlango.

"Shikamoo babu."

"Si nilishaitikia?"

"Uliitikia, babu. Mimi ndiye niliyekuwa sijaitoa."

Akanitazama. "Feni je?"

"Imezunguka!"

"Basi marahaba tena," akasema, akanisogezea kigoda.